Bibi Harusi Muuguzi, Usivue Sare kwa Maneno ya Watu



Leo sina habari ya singo wala ya mishono ya harusi. Nina jambo limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita, na kwa kuwa wengi wenu ni wachumba au ni mama wa wachumba, nimeona nilitoe hapa tulizungumze kama tunavyozungumza barazani.

Mpwa wangu ni nesi huko nyumbani Unguja. Ana miaka miwili kazini. Posa imeletwa, imepokelewa, mahari yametajwa, na harusi imepangwa Mfungo Sita inshaallah. Basi usiku mmoja, saa nane, simu yangu ikaita. Mie nilikuwa zamu, na yeye kumbe alikuwa zamu kwao. Kajifungia chumba cha kubadilishia nguo, analia.

"Shangazi," akaniambia, "mama yake kasema hataki mkwe anayelala nje. Kasema nesi anakesha na wanaume, anawashika, na akirudi nyumbani kachoka, mume hana mke. Wanataka niache kazi kabla ya ndoa. Na yeye mwenyewe hasemi kitu, kanyamaza tu."

Nikamuuliza kama kuna mgonjwa anayemsubiri. Akasema wapo. Nikamwambia, "Osha uso, rudi wodini. Jawabu nitakupa nikishatuliza kichwa." Jawabu lenyewe ndilo hili. Nalitoa hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Mie nimezaliwa Unguja na nimesomea uuguzi kule kule. Nikaolewa na mtu wa kazi za migodini, nikamfuata Bara. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu katika ukanda huu wa dhahabu, nimefanya kazi upande wa Shinyanga kisha upande wa Geita. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, nilipovuka ilinibidi nianze upya na makaratasi, nisajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga la huku, niombe ajira kama mgeni. Nilifika najua Kiswahili cha Mjini tu. Wanawake wengi wa vijijini huku wanazungumza Kisukuma, na mwanamke mwenye uchungu husahau lugha zote isipokuwa ya mama yake.

Kwa wasiopajua, huku hakuna bahari wala karafuu. Kuna pamba, mpunga, ng'ombe na vumbi. Chini ya hilo vumbi kuna dhahabu, na kule Mwadui kuna almasi. Geita imekuwa mkoa mwaka 2012 tu. Kuna mgodi mkubwa wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, kuna Bulyanhulu upande wa Kahama ambako watu huchimba chini kabisa ya ardhi. Halafu kuna wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwengineko, wanaoshuka kwenye maduara kwa kamba na kuzuia kifusi kwa magogo wanayoyaita matimba. Dhahabu ikisikika mahali, mji unaota kwa wiki mbili: mabanda ya maturubai, mama lishe, karasha za kusaga mawe zinanguruma mchana kutwa. Zahanati inakuja baadaye sana, na nesi akija mara nyingi huwa mmoja.

Sasa nirudi kwa huyo mama mkwe, na nitamjibu kwa adabu kwa sababu ni mama yetu.

Mama, unasema nesi analala nje. Wallahi, hakuna anayelala. Nikuhadithie usiku wa kawaida. Tuko wawili kwenye wodi ya wazazi. Watatu wana uchungu, mmoja amejifungua jioni, mwengine ameletwa kwa bodaboda kutoka machimboni akiwa amekalishwa katikati, dereva mbele na wifi yake nyuma. Mtoto anatoka salama. Ndani ya dakika moja namchoma mama sindano ya oksitosini, yuniti 10, ili mfuko wa uzazi ujikaze. Kondo linatoka. Halafu damu inaanza, na haikatiki. Hapo hapigiwi mtu simu kwanza. Unaweka mkono juu ya tumbo, unausugua mfuko wa uzazi mpaka uwe mgumu kama chungwa bichi, mwenzako anatafuta mshipa, unaangalia kama kondo limebaki kipande, unaangalia kama kuna mchaniko, na mdomo wako unasema bismillahi bila hata kujisikia. Mama aliyejifungua anaweza kuisha damu kwa muda mfupi kuliko wa kupika chai ya maziwa. Na ile sindano, kama haikuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu ilipotoka kiwandani, inaweza isifanye kazi, kwa hiyo nesi ndiye pia anayekesha na friji pale umeme unapokatika.

Huyo mama niliyemhadithia alipona. Alfajiri alinishika mkono akaniambia, "Wabeja." Maana yake ahsante. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka kweli, hilo mama mkwe hakukosea. Lakini nilikuwa nimechoka kwa jambo ambalo yeye mwenyewe angelitaka lifanywe na mwanamke.

Na hapa ndipo nataka mashoga zangu tuambiane ukweli. Sote tukienda kujifungua tunataka mkunga mwanamke. Tukiingia wodini tukamkuta mwanamme tunajifunika, tunauliza, "Hakuna dada?" Wengine wanakataa kupimwa kabisa, wanarudi nyumbani na shinikizo la damu lao. Waume zetu ndio wakali zaidi kwenye jambo hili. Sasa huyo dada tunayemtaka saa nane za usiku atoke wapi, ikiwa kila mama mwenye mtoto wa kiume anasema mkwe nesi hamtaki? Kama kazi hii ni aibu, basi tunaomba aibu hiyo ibebwe na mtoto wa nani? Masheikh wetu wanatufundisha kuwa yapo mambo ya faradhi kifaya: wakitokea wa kuyafanya, wengine wameondokewa na dhima, wasipotokea, mji mzima una lawama. Mie sioni jambo linalofaa kuingia humo zaidi kuliko mwanamke wa kumpokea mwanamke mwenziwe.

Tena si jambo geni kwetu. Watu wakitaja uuguzi wanataja Florence Nightingale, na kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820, wauguzi wa dunia nzima huiadhimisha. Tunamheshimu. Lakini zaidi ya miaka 1,200 kabla yeye hajawahudumia majeruhi wa vita vya Crimea, Madina alikuwepo Rufaida al-Aslamiyya. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, alihudumiwa na Rufaida hemani mwake, na Mtume Muhammad swallallahu alayhi wasallam alikuwa akimtembelea. Ummu Atiyya alitoka na jeshi la Mtume mara saba, akiwapikia na kuwatibu wagonjwa. Rubayyi binti Muawwidh naye anasimulia kuwa wanawake walikuwa wakiwapa maji wapiganaji na kuwatibu waliojeruhiwa. Hao waliojeruhiwa walikuwa wanaume. Haja ya matibabu ina hukumu yake na adabu zake, na wanawake wale walikuwa na haya kutushinda sisi. Kwa hiyo anayesema nesi "anawashika wanaume" kwa sauti ya kejeli, na aangalie maneno yake yanawafikia akina nani.

Wanaume tunaowahudumia huku ni wa namna gani? Mwezi Oktoba 2015 kifusi kiliwafunika wachimbaji kule Nyangalata, Kahama. Watu walikwisha kukata tamaa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wakasikiwa, na watano wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa maji ya kudondoka na wadudu. Nchi nzima iliwaona wakitolewa. Baadaye mmoja wao alifariki akiwa hospitali. Januari 2017, Nyarugusu, wachimbaji 15 walifukiwa na wote wakatoka salama baada ya siku tatu. Tulisema alhamdulillah Waislamu na Wakristo.

Watu hufurahia pale mtu anapotoka shimoni, kisha huondoka. Kazi ya nesi inaanza hapo. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi humpi pilau kwa furaha. Ukimshibisha ghafla, chumvi za mwilini zinavurugika na moyo unaweza kusimama. Anapewa kidogo kidogo, anapimwa, anaangaliwa mkojo, ngozi, macho yaliyosahau mwanga, na usiku anapopiga kelele akidhani bado yuko chini, lazima awepo mtu wa kumshika bega na kumwambia, "Uko juu, baba. Hapa ni hospitali."

Na wako wanaokufa polepole. Vumbi la mwamba linaingia kifuani miaka na miaka mpaka mapafu yanakuwa magumu, na mapafu ya namna hiyo ni nyumba nzuri ya kifua kikuu. Anakuja kijana wa miaka thelathini anakohoa kama mzee. Tunampima, tunamwanzishia dawa za miezi sita bila malipo, kisha machimbo yanahama naye anahama. Nesi ndiye anayempigia simu, anayemuuliza mama lishe kama amemwona, anayemfuata kwenye rashi mpya ili dawa zisikatike.

Halafu zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia chembe za dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Nimekuta wakichomea jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali, na mke mjamzito amekaa pembeni anapepea moto. Zebaki inavuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni na kumharibu ubongo kabla hajazaliwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haujui njia ya kufika jikoni kwa mtu. Nesi anaijua. Kila siku ya kliniki ya wajawazito nawaambia: usichomee ndani, usimbebe mtoto mgongoni kwenye mwalo, nguo za machimboni zifuliwe mbali na za mtoto. Siku moja mwanamke mmoja akaniambia, "Sista, nimemfukuza mume wangu jikoni na zebaki yake." Kliniki nzima ilicheka. Furaha ya siku ile sitaisahau.

Kwa hiyo ndiyo, najivunia kazi yangu. Lakini nisikudanganyeni kwamba kila kitu ni sawa. Kuna mambo ya kazini yanayotuvunja, na nayasema ili bibi harusi ayajue kabla, na wenye mamlaka wakiyasoma nao wasikie.

La kwanza ni uchache wetu. Wauguzi wawili hawawezi kuwa macho mahali panapohitaji sita. Mgonjwa akikaa bila kuonwa, ndugu hawaulizi zamu imepangwaje, wanamtukana yule aliye mbele yao. Na siku hizi kila mtu ana simu ya kurekodi. Kiongozi naye akija ziara, nesi anafokewa mbele ya wagonjwa na kamera kwa sababu ya dawa ambazo si yeye aliyezichelewesha. Mtu akikosea aitwe, aulizwe, aadhibiwe kwa utaratibu. Baraza lipo na sheria ya wauguzi ya mwaka 2010 ipo. Kumdhalilisha hadharani hakuongezi hata glavu moja kwenye boksi.

La pili ni usiku wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Bara ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na anayefanya kazi saa hizo anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mjamzito asilazimishwe zamu ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa malipo, na 100 kwa aliyezaa pacha au zaidi. Akirudi, anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, kwa hiyo walio visiwani waisome yao. Ninachotaka kusema ni kwamba wauguzi wengi hawajui hata haya, na wanaojua wanaona haya kudai, wanaogopa kuambiwa hawana moyo wa huruma. Huruma haimzuii mtu kudai haki yake. Na zaidi ya malipo, tunataka nyumba karibu na kituo au gari la kuturudisha. Nesi kutembea peke yake saa 3 usiku kupita mabanda ya pombe ya machimboni ni hatari ambayo mwajiri anaweza kuiondoa akitaka.

La tatu, usalama. Miaka ya mwanzo, kwenye kituo kimoja nisichokitaja, nilijichoma sindano iliyotoka kwa mgonjwa. Msimamizi wangu akaniambia nifunge mdomo, nisiharibu ripoti ya mwezi. Nilikuwa mgeni, nikaogopa, nikanyamaza hadi siku ya pili. Bahati nzuri mkunga mmoja mtu mzima aliniona sina raha, akaniuliza, kisha akanishika mkono mwenyewe hadi kwenye dawa za kinga. Dawa zile zina faida zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora, kisha unazimeza siku 28. Nilizimeza zote, nikitapika. Majibu yalikuwa mazuri, alhamdulillah. Dada yangu muuguzi, ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa saa ile ile, iandikwe. Na kabla ya yote kachanje chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi zote tatu. Usisubiri kukumbushwa.

La nne linatuhusu sisi Waislamu. Kuna wakati niliambiwa kuwa naiba muda wa kazi kwa dakika za sala. Nilikasirika, lakini hasira haikusaidia. Kilichosaidia ni kukaa na wenzangu kupanga. Wengi huku ni Wakristo. Mie nikajitolea zamu za Jumapili asubuhi na Krismasi ili waende kanisani, wao wakanishikia saa ya adhuhuri na siku za Idi. Mpaka leo hatujagombana. Na hijabu yangu naivaa fupi, safi, imechomekwa ndani ya sare, mikono naikunja hadi kwenye viwiko ninapohudumia kwa sababu mkono wa nguo huchukua vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Nikitoka wodini naishusha. Stara yangu haijapungua, na mgonjwa wangu hajapata kidonda kwa sababu yangu.

Na la tano ni letu wenyewe, wauguzi. Tukidai heshima tujiangalie ndimi zetu. Nitajisema mie. Mwaka wangu wa kwanza huku aliletwa msichana mdogo kujifungua. Nilimwambia asukume, hasukumi. Nikamwambia apumue, hapumui. Nikampigia kelele, nikamwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya mbele ya Mola wangu. Kumbe hakuelewa hata neno moja la Kiswahili changu. Mhudumu wa usafi, mama wa Kisukuma, aliweka ufagio chini, akaja akamshika kichwa, akamnong'oneza kwa lugha yake. Yule mtoto, maana alikuwa mtoto kweli, akalia kwa mara ya kwanza, akasukuma, akajifungua. Tangu siku hiyo nilijifunza Kisukuma cha leba kabla ya kujifunza cha sokoni.

Mabinti kama yeye ni wengi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulionesha kuwa Shinyanga, kati ya kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 24, 59 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wanakuja kwetu na nyonga ambazo hazijakomaa. Mtu wa kwanza mwenye elimu kukaa nao faragha, akawauliza wanaendeleaje, mara nyingi ni nesi. Akiwa na ulimi mkali, hawarudi tena, na uzazi wa pili wanajifungulia nyumbani.

Sasa nimegeukia kwako, mpwa wangu.

Usiache kazi ili kuwanyamazisha watu. Ukiacha kwa sababu umechoka, au kwa sababu wewe mwenyewe umeona nyumba yako inakuhitaji zaidi kwa miaka kadhaa, hilo ni lako na hakuna wa kukulaumu. Lakini ukiacha kwa hofu, utaingia ndoani na kinyongo, na kinyongo hakifunikwi na udi.

Zungumza kabla ya nikahi. Usiseme "tutaelewana baadaye". Mwambie walii wako awaite, mkae wewe, mchumba, na watu wazima wa pande zote. Yawekwe wazi: utaendelea na kazi au la, zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi, nani atakupeleka na kukurudisha, mtoto akizaliwa atabaki na nani, na kama mume atahamishwa kikazi, utamfuata vipi. Muulize mchumba wako nani atamchukua mtoto usiku ulio zamu. Jawabu lake la hapo litakufundisha kuhusu mume wako kuliko zawadi zote za posa. Kama mnataka liwe sharti ndani ya ndoa, nendeni kwa kadhi au sheikh mnayemwamini awaeleze namna ya kuliweka na uzito wake. Mtume wetu amesisitiza sana kutekeleza masharti ya ndoa, kwa hiyo msiwekeane masharti kwa mzaha.

Na mshahara wako, mpwa wangu, ni wako. Nafaka ya nyumba ni juu ya mume hata ukiwa na fedha. Ukisaidia ni wema wako na una malipo yake kwa Mwenyezi Mungu. Nalisema kwa sababu nimeona pia upande wa pili: wanaume wanaotaka mke muuguzi kwa ajili ya mkopo wa benki tu. Huyo naye mkimbie.

Kwako kijana uliyenyamaza, nakusihi kwa upole. Mama yako ana haki juu yako na usimvunjie heshima. Lakini wewe ulimwona binti huyu akiwa ameshavaa sare. Ulijua anakesha. Kama ulimpenda hivyo, basi nenda kwa mama yako umwambie kwa sauti nzuri kwamba umemchagua na kazi yake. Mume wangu alilisema hilo kwa mama yake miaka mingi iliyopita, mbele yangu, na mama mkwe alinuna miezi mitatu. Halafu aliugua kisukari. Kidonda chake cha mguu nilikisafisha kwa mikono hii, kila siku, hadi kikafunga. Siku hizi nikienda likizo Unguja ananitangaza mtaa mzima, "Mkwe wangu daktari!" Namwambia, "Mama, mie nesi." Anasema, "Ndio huyo huyo."

Na kwako mama mkwe mtarajiwa, sina la kukujibu zaidi ya kukualika. Mpwa wangu yuko zamu ya mchana wiki ijayo. Nenda siku moja, kaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi, usijitambulishe. Mtazame anavyowaita wanawake wa umri wako "mama", anavyomwinamia mgonjwa asiyesikia vizuri, anavyoosha mikono mara ngapi. Ukirudi nyumbani ndipo useme kama unamtaka au humtaki.

Watu wa posa wanarudi Ijumaa baada ya sala kusikia jawabu letu. Mie sitakuwepo, niko zamu. Lakini nimeshamwambia kaka yangu la kusema, na nimemwambia mpwa wangu alale mapema siku hiyo, kwa sababu usiku wake wodi inamsubiri.

Mwombeeni, mashoga zangu. Na kama humu kuna muuguzi mwenzangu aliyeolewa, aliyeachwa, au aliyelazimishwa kuacha kazi, basi ajue kuwa niliyoyasema nimeyasema na kwa ajili yake.

Wassalaam alaykum.